Alama Ubavuni

Asubuhi ya Jumamosi tulilitoa nje godoro letu la zamani, tukaliegemeza kwenye ukuta wa uani, jua likalipiga kwa upande. Chumbani, chini ya shuka, lilikuwa godoro tu kama magodoro mengine. Pale uani, limesimama wima kama mtu aliyeitwa mbele ya wazee ajieleze, lilisema kila kitu. Mabonde mawili marefu yalianzia mchagoni yakateremka hadi karibu na miguuni, moja pana, moja jembamba, na katikati yake tuta lililobaki imara kama siku lilipotoka dukani. Bonde pana ni la mume wangu. Jembamba ni langu, na nilipolikazia macho niliona hata pale nyonga inapozama na pale bega linapochimba, kwa kuwa mimi ni mtu wa kulalia ubavu wa kushoto tangu mimba ya kwanza, mkunga aliponifundisha kulala hivyo, na baada ya kujifungua sikurudi tena upande wa pili. Miaka 14. Nimepigwa picha nyingi katika miaka hiyo, za harusi za watu, za vitambulisho, za Idi; hakuna iliyonitoa sawasawa namna ile.

Tulilitoa kwa sababu ya mgongo. Mtaalamu wa viungo niliyemwendea na maumivu ya kiuno hakuanza kwa kunipapasa, aliniuliza: "Mama, godoro lako lina umri gani?" Nilipomjibu akanyamaza kidogo, akaandika. Basi tukajibana miezi miwili, tukanunua jipya: sponji, futi 5 kwa 6, inchi 10, ile ngumu ambayo wauzaji wa Ngamiani, hapa Tanga, hukuambia uisukume kwa ngumi uone inavyorudi. Lilikuja juu ya guta, limefungwa kwa kamba ya katani, limevalia nailoni yake inayometameta, na watoto wa mtaa wakalisindikiza hadi mlangoni. Wahenga walisema kipya kinyemi, kingawa kidonda. Kinyemi tulikiona jioni ile ile, majirani wakiingia mmoja mmoja kulibonyeza na kutupongeza. Kidonda kilikuja usiku.

Nililala chali, likanisukuma. Nikageukia ubavu wangu, bega likakataa kuingia. Kwenye lile la zamani nilizoea kushuka: unajilaza, unateremka taratibu, unafika mahali pako, pananyamaza. Hili halikuwa na mahali pangu. Mwili wangu ulikuwa ukilitafuta bonde lake kama mtu anayepapasa swichi gizani kwenye ukuta wa nyumba aliyohamia jana. Mkono unakwenda palepale ilipokuwa, haipo. Kulikuwa na harufu ya kiwanda. Kulikuwa na joto, maana ilikuwa miezi ya kaskazi, na Tanga wakati huo hata ukuta unatoka jasho. Na kila mmoja wetu alipojigeuza, nailoni ililia chakacha, chakacha, kama mtu anayefungua zawadi usiku kucha bila kuifikia. Lepe la usingizi sikulipata hadi mwadhini alipoita. Usiku wa pili hivyo hivyo. Wa tatu nilichukua mto wangu nikaenda kulala sebuleni, kwenye mkeka.

Bibi yangu mzaa mama, wa Muheza, alikuwa na methali aliyoipenda: mkeka mpya haulaliwi vema. Aliitumia zaidi kwa ndoa. Binti akirudi nyumbani mwezi wa kwanza na begi lake, analia, bibi alimkaribisha, akampa chai, akamwambia maneno hayo manne na hakuongeza la tano. Nilidhani ni fumbo tu la wazee. Sikujua kwamba yeye, aliyesuka ukindu maisha yake yote, alikuwa anasema jambo la mikononi mwake. Mkeka mpya una kingo. Kila ukindu uliochanwa una ncha zake mbili kali kama jani la nyasi, na pale unapounganishwa ukanda na ukanda panakuwa na mshono uliosimama. Ukiulalia unakuchoma, unanuka rangi, unateleza. Kinachoulainisha si maji wala jua. Ni ngozi ya watu: mafuta ya visigino, ya mashavu, ya migongo ya watoto, usiku baada ya usiku, mpaka siku moja unaukunja na kugundua kuwa umekuwa kama kitambaa. Ndiyo sababu wazee waliusia usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka mbovu, lakini umeshakujua.

Na mkeka, wakati unajifunza mtu, humwandika. Nani kati yetu tuliokulia mikekani hakuamka na shavu lililochorwa mistari, akaenda shule na ramani usoni hadi saa tatu? Katika hadithi tulizosomeshwa chuoni kuna moja ambayo sijawahi kuisikia bila kutulia. Sayyidna Umar aliingia kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akamkuta amejilaza juu ya mkeka usiotandikwa kitu, kichwani ana mto wa ngozi uliojazwa nyuzi za mtende. Na aliponyanyuka, Umar akaona alama za mkeka zimejichora ubavuni mwake, akalia, kwa kukumbuka wafalme Kisra na Kaisari na anasa walizokuwamo. Ustadhi wetu alipoisimulia alikuwa akitaka tujifunze kuridhika. Mimi, nilipokuwa nimejilaza sebuleni usiku ule wa tatu, nilifikiria zile alama zenyewe. Mtu mwema kuliko wote, na bado kitu alichokilalia kilimwachia mistari. Mkeka humwandika mtu. Sponji ni kinyume chake: mtu huliandika godoro, na haoni alichoandika mpaka siku ya kulitoa uani.

Kati ya mkeka na sponji kulikuwa na usufi. Bibi alikuwa na kitanda cha kamba, matendegu yake yamechongwa, mifumbati imekuwa myeusi kwa miaka, na kamba zilizolegea kila baada ya muda mpaka mjomba ashuke azivute; vitanda vya namna hiyo watu waliviita teremka tukaze. Juu yake lilikaa godoro la usufi. Msufi wenyewe ulisimama nyuma ya nyumba, mrefu, shina limejaa miiba, na wakati wa kiangazi matunda yake yalipasuka juu kwa juu, usufi ukaanza kuanguka polepole kama kitu kisicho na haraka ya kufika chini. Tuliokota, tukatoa mbegu nyeusi moja moja, tukakohoa. Fundi alikuja na shazia, ile sindano ndefu, akaipitisha kutoka juu hadi chini na kurudi, akifunga fundo kila baada ya shubiri ili usufi usihame upande mmoja. Uzi wa usufi una nta, haunywi maji kwa urahisi. Kabla ya sponji kutawala, dunia iliujaza hata kwenye majaketi ya kuokolea watu baharini. Sisi hatukuyajua hayo. Tulijua tu kwamba baada ya mwaka godoro lilifanya madonge, na kwamba siku hiyo bibi alilifumua, akauanika usufi juu ya jamvi, akaupiga fimbo mpaka ukavimba tena, akaurudisha. Godoro likawa jipya kwa vitu vyake vya zamani. Kila alama ya mwaka uliopita ilifutwa kwa fimbo.

Sisemi turudi huko. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi kile nilikilalia. Nawajua kunguni wake, nalijua vumbi lake, nakikumbuka kifua cha kaka yangu kilichopiga filimbi kila msimu wa kufumua. Sponji imewapa usingizi watu wengi ambao wazazi wao hawakuupata, na mwanafunzi wa bweni anayepanda basi na kigodoro chake kimekunjwa, kimefungwa kamba, anabeba usiku wa miaka minne chini ya kwapa. Kitu hicho kinastahili heshima yake. Kilianza mwaka 1937 huko Leverkusen, Ujerumani, katika maabara ya mkemia Otto Bayer, na kufikia miaka ya 1950 kilikuwa kimeanza kuingia vitandani. Nimesoma namna kinavyotengenezwa nikauona mkate wa kumimina: vimiminika viwili vinakutanishwa na maji kidogo, hewa inazaliwa ndani, uji unaumuka wenyewe dakika chache, unaganda na matundu yake. Halafu unakatwa mapande. Na kama mkate, matundu hayo hayafunguki yote kwa siku moja. Mengine hubaki na ngozi nyembamba, na ni uzito wa mlalaji, usiku kwa usiku, unaozipasua ngozi hizo mpaka hewa ipite. Kumbe methali ya bibi ilikuwa kweli hata kwa kitu ambacho hakikuota mtini. Godoro jipya linakuwa gumu kwa sababu bado halijapumua.

Kutafuta malalo mema si deko la watu wa siku hizi. Katika pango la Sibudu, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, watafiti walikuta vitanda vya miaka 77,000 iliyopita: majani ya jamii ya ndago yamepangwa tabaka kwa tabaka, na juu yake yametandazwa majani ya mti wenye dawa ya kufukuza wadudu. Katika pango jingine la jimbo hilo hilo wamekuta nyasi zilizotandikwa juu ya jivu miaka 200,000 iliyopita. Nimeyarudia maelezo hayo mara nyingi. Watu wale hawakuwa na sufuria wala jembe, lakini walijua kwamba mtu hawezi kujilaza popote tu, kwamba kabla ya kufumba macho lazima kwanza awe na amani na kilicho chini yake na kinachotambaa kando yake. Tena wa Sibudu, baadaye, walikuwa na desturi ya kuyachoma malalo yao ya zamani na kutandika mapya. Nawafikiria usiku ule wa majani mapya. Moto umezimwa, jivu lina vuguvugu, na mmoja wao, mwanamke labda, anajigeuza na kujigeuza, nyonga yake inalitafuta lile shimo dogo walilolichoma jioni.

Siku ya nane mama yangu alikuja kututembelea. Nilimwamkia, nikampeleka chumbani alione godoro, akaketi ukingoni, nailoni ikalia. Akainuka, akaketi tena. Ikalia tena.

"Mwanangu," akasema, "mmelinunua mlilalie au mlichunge?"

Nilianza kumweleza: watoto wanamwaga chai, mdogo bado anakojoa usiku akija kulala kwetu, fedha tuliyotoa si ndogo. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu ya mtu anayejua kwamba mwenzake amekosea. Kisha akalitaja lile la zamani. Akaniuliza kama nakumbuka wiki ya msiba wa baba.

Nakumbuka. Godoro lilishushwa kutoka kitandani, likatandazwa sakafuni sebuleni, mama akaketishwa juu yake ameegemea ukuta, na kwa siku zile zote halikurudi chumbani. Wanawake walilala juu yake kwa upana, sita kwa mara moja, wengine mzungu wa nne, miguu ya huyu kwenye mbavu za yule. Mashangazi kutoka Korogwe, jirani ambaye tulikuwa hatusemeshani, binti aliyekuja na mtoto mchanga. Uji ulimwagika. Machozi yaliingia. Usiku mmoja nilizinduka saa nane, nikamkuta mama amelala, usingizi wa kweli, mara ya kwanza tangu mazishi, kichwa chake kimezama katika bonde la mume wangu na mkono wa shangazi umemzunguka. Hakuna aliyeliuliza godoro lile kama ni la inchi ngapi. Doa la uji lilibaki upande wa chini, lina umbo la jani, na Jumamosi ile uani nilikuwa nimelipita bila kulitambua.

Tumezoea kuvilinda vitu vyetu dhidi yetu sisi wenyewe. Rimoti inakaa ndani ya nailoni hadi tarakimu hazisomeki. Makochi yanafunikwa vitambaa vilivyofumwa, juu ya vitambaa yanafunikwa shuka. Sahani zenye maua zimesimama kabatini zikisubiri mgeni, na mara nyingi mgeni anayezitoa ni msiba. Naelewa chanzo chake. Mtu aliyekipata kitu kwa kujinyima anataka kidumu. Mama yangu mwenyewe ana birika ambalo halijawahi kuona moto. Ila usingizi haukubali ulinzi wa namna hiyo. Kulala ni kuachilia, kuanzia taya, kushuka mabegani, hadi vidole vya miguu, na huwezi kuachilia juu ya kitu unachoogopa kukiharibu. Zile siku nane hatukuwa tumelala juu ya godoro. Tulikuwa tunalilinda, kila mmoja kwa upande wake, kama askari wawili wa zamu ya usiku. Godoro nalo lilikuwa limefungwa pumzi. Sisi hatuliamini, nalo halijaruhusiwa kutujua.

Niliichana nailoni kwa kisu cha jikoni, kuanzia kona ya miguuni. Mama alishika upande mmoja, tukaivuta pamoja. Tulifungua madirisha, tukalisimamisha godoro siku nzima upepo ulipitie, tukalitandika shuka la pamba ambalo limefuliwa mpaka limekuwa jepesi kama ngozi ya kitunguu. Hapo ndipo tatizo jingine likajitokeza: inchi 10 ni nyingi, kitanda kilikuwa kimepanda, na chandarua kilichokuwa kikifika chini na kubaki sasa kilining'inia bila kufika chini ya godoro kikachomekwe. Nilikaa na cherehani jioni ile, nikakiongezea ukanda wa kanga nzee kuzunguka pindo lote. Nilikuwa nikishona na kuwaza wale wa Sibudu na majani yao. Mbu ni wale wale.

Usiku ule kabla ya kupanda nilikung'uta kitanda mara tatu kwa ncha ya kanga, kama bibi alivyokuwa akifanya na kama tulivyofundishwa, kwa kuwa mtu hajui kilichoingia malaloni pake alipokuwa hayupo. Kwa mara ya kwanza nililielewa tendo hilo kama mazungumzo. Unalibishia hodi godoro. Unaliambia: nimekuja, naomba kushuka. Sikulala vizuri usiku ule, nisidanganye, nililala nusu. Kesho yake zaidi ya nusu. Maumivu ya kiuno hayakuondoka kwa kishindo, yaliacha tu kuniamsha, kama mgeni aliyeondoka bila kuaga.

Kitu kimoja kilinisumbua hata baada ya usingizi kurudi. Kwenye lile la zamani, mume wangu alipoamka kwenda swala ya alfajiri, bonde lake lilijaa, tuta likatikisika, nami nikainuliwa kidogo upande wangu kama mtumbwi unaopitwa na mwingine. Miaka 14 nimejua anapoondoka. Sponji hii nzito haipitishi kitu. Anaweza kujigeuza mara ishirini, mimi sina habari, na sasa hata nailoni haipo ya kumsema. Asubuhi moja nilizinduka kumekucha, nikanyoosha mkono, nikakuta upande wake umeshapoa. Nililala usingizi wa pono, usingizi nilioulilia kwa wiki tatu, na jambo la kwanza nililohisi lilikuwa upweke. Nilimweleza tulipokuwa tukinywa chai. Hakusema neno, alitikisa kichwa tu akaendelea kumenya kiazi.

Fundi makochi alikuja Ijumaa iliyofuata kulichukua lile la zamani. Nilikuwa nimekataa kumpa mtu alilalie. Kilichouvunja mgongo wangu si sadaka ya kumpa mwingine. Alilibonyeza hapa na pale, akachora kwa chaki. "Hapa palipolaliwa pamekufa, dada," akasema, "lakini hili tuta la katikati ni zima kabisa." Alilikata kwa kisu kirefu, na kutoka katika tuta hilo akapata vikalio viwili vya fomu letu la barazani. Kimoja ndicho anachokalia mama akija.

Leo ni siku ya 26. Nikitandika asubuhi na kupitisha kiganja, upande wa kushoto, usawa wa bega, nakutana na mteremko mdogo usioonekana kwa macho. Na saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kushuka kitandani, mume wangu hunigusa bega. "Naenda," husema. Nami humjibu, nikajigeuzia ubavu wangu, nikalala tena.